Mishumaa ya Ijumaa kwa Saa ya Shosho

Mama yangu alinipigia simu siku binti yangu alipopanda ndege kuja kwangu Guangzhou kwa likizo ya Agosti. Hakuuliza habari za biashara. "Huyu mtoto nimemlea na Sabato yake," akasema. "Akiiacha huko kwako, utanieleza."

Nikaudhika. Mimi? Watu wa hapa hudhani mimi ni Msabato wa kanisani. Nawaambia hapana, mimi ni Myahudi, Mkenya, mweusi hivi hivi, na kama hujawahi kuona, tazama vizuri. Miaka saba nanunua viatu soko la Zhanxi, na hakuna laoban, yaani bosi wa duka, aliyewahi kunifungulia katoni Ijumaa jioni. Jirani yangu Mzanzibari hunicheka: "Dada, mimi nawakimbia adhuhuri, wewe jioni. Watatukoma!"

Ijumaa ya kwanza nikataka kumwonyesha binti yangu jinsi mambo yanavyofanywa. Saa kumi na mbili kamili, chumbani kwetu mtaa wa Huanshi Zhonglu, nikatandika kitambaa cheupe mezani, nikashika kiberiti. Shosho wake, yaani bibi yake, mama yangu, huwasha mishumaa saa hiyo mwaka mzima, jua likikaribia kuzama, na mimi nafuata saa yake.

"Mama, jua bado liko juu."

"Washa."

Akachungulia dirishani, kisha akatazama simu. Ana miaka kumi na tano na haogopi mtu. "Hapa si kwetu ikweta. Sasa hivi linazama baada ya saa moja. Kuwasha mapema si kosa. Lakini Desemba linazama kabla ya saa kumi na mbili." Akanikazia macho. "Kwa hiyo wakati wa baridi umekuwa ukiwasha moto Sabato ikishaingia?"

"Funga mdomo!" nikafoka.

Mishumaa tuliwasha, lakini mimi nikabaki nikihesabu Ijumaa za Desemba. Miaka saba! Mimi ninayewatunishia kifua malaoban wote, nimekuwa nikivunja Sabato kwa kiberiti changu mwenyewe, tena nikijisifu. Nililia bafuni kwa hasira. Ilikuwa Jumatano ndipo nikamwambia: haya, tutafuata jua.

Ijumaa ya pili nikajiona mjanja. Kama mishumaa ni saa moja kasorobo, kabla tu ya jua kuzama, si nimepata muda wa ziada? Nikabaki Zhanxi na binti yangu. Laoban hakuamini bahati yake, akafungua katoni upesi kabla sijabadili nia. Nikakagua soli, nikakagua gundi, nikadai saizi zibadilishwe. Saa kumi na mbili ikapita. Jozi hizi tu, nikasema. Kisha zile.

Binti yangu akasimama, akafunika katoni iliyokuwa mapajani mwangu. "Mama, twende."

"Dakika tano."

"Hapana. Nilikuonyesha saa ya jua ili uwashe kwa wakati, si ili uongeze viatu."

Mbele ya watu, ati! Nilitaka kumzaba kofi. Laoban akaanza kulalamika, akisukuma katoni nyingine mbele yangu. Mtoto akamgeukia. "Bu yao!" Hatutaki. Kichina cha wiki mbili sokoni, lakini sauti ilikuwa ya mama yangu kabisa.

Nikanyanyuka. Laoban akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha dukani, bosi hapa ni nani.

Nikamwonyesha mlangoni, alikokuwa binti yangu amesimama tayari na mkoba wangu begani, akinihesabia dakika.