Sidonia Anataja Mvua

Yohane wa Haneti hakusoma. Alichunga ng'ombe wa baba yake, kisha wa kwake, akamwoa Sidonia, wakalima uwele na karanga mpaka mvi zikawakuta wote wawili. Mwenye maneno katika nyumba ile alikuwa Sidonia. Mgeni akiingia, Yohane aliitikia salamu, akasogeza kigoda. Mengine yote yalikuwa ya mkewe.

Binti yao, Emiliana, alisomea kompyuta, akapanga Miyuji, mjini Dodoma. Mwaka mmoja kabla ya msiba alikuja nyumbani kurekodi sauti. Alikuwa anatengeneza namba ya simu ambayo mkulima akiipiga anaambiwa habari ya mvua kwa Kigogo. Akamketisha mama yake ndani, akafukuza kuku, akamwambia ataje siku zote za wiki, ataje mvua kubwa, manyunyu, upepo, jua kali.

Sidonia alicheka sana. "Nitaje mvua na mawingu hayapo? Watu watasema nimerukwa na akili."

Lakini alitaja. Tangu hapo, kila alfajiri mashine ya Emiliana ilichukua habari ya hali ya hewa kwenye intaneti, ikayapanga maneno ya Sidonia kuifuata. Watu wa Haneti wakapiga, wakasalimiwa kwa Kigogo: Mbukwenyi. Leo mvua ipo. Au haipo.

Kiangazi kilichofuata Sidonia akafa kwa kifua. Walimzika kando ya nyumba.

"Baba, ile sauti niitoe?" Emiliana aliuliza matanga yalipokwisha.

"Iache."

Basi kila asubuhi Yohane alikamua, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda, akapiga. Mbukwenyi, alisema Sidonia, na Yohane akaitikia kwa sauti ndogo. Siku yake ilikuwa hiyo. Kanisani hakwenda tena, wala kwa jirani. Aliyekuja alijibiwa. Asiyekuja hakufuatwa.

Mvua za mwaka zilipoanza, Sidonia alisema leo hakuna mvua. Kesho yake akasema hivyohivyo, na keshokutwa. Yohane aliona maji yakitiririka uani, akaona simu imekosea. Hakumwambia mtu. Kwake ilitosha kwamba alikuwa anasema.

Ndipo akaja Meshack, mtani wake, yule aliyewazuia wachimba kaburi siku ya maziko mpaka akapewa kuku. Alikuwa na tope hadi magotini.

"Mtani, huko aliko mkeo hakuna dirisha?"

"Kuna nini?"

"Kasema hakuna mvua. Nami nikafumua udongo wa paa la tembe langu niuweke mpya. Sasa tunalala na mbuzi, na wanaolalamika ni mbuzi."

Yohane hakucheka. Meshack akaketi, akapunguza sauti.

"Kisimani wanasema mama Emiliana siku hizi ni mwongo. Nimeona nikwambie mimi, usije ukasikia kwa mwingine."

Alipoondoka, Yohane alikaa palepale mpaka ng'ombe wakarudi. Sidonia alikuwa na ulimi mkali. Aliwahi kumwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yalikuwa marefu. Kudanganya hakudanganya mtu. Na sasa, kaburi halijaota majani, jina lake linasemwa kisimani.

Asubuhi akapanda basi kwenda mjini.

"Shikamoo baba. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Mama yako anaitwa mwongo."

Akapiga ile namba, akaiweka simu mezani. Mbukwenyi. Leo hakuna mvua. Juu yao bati la Miyuji lilikuwa linapigwa na mvua mpaka sauti haikusikika vizuri. Emiliana akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akavuta kompyuta yake, akasoma kwa muda mrefu.

"Nimeona," akasema. "Baba, nilihama na ile mashine kabla mvua hazijaanza. Nimekodi seva, kompyuta kubwa iliyo nchi za mbali. Ndani yake nimetenga mashine nyingine. Tunaziita mashine pepe, kwa sababu huwezi kuzishika. Zimekaa kama vyumba ndani ya tembe. Mama yuko chumba kimoja."

"Peke yake?"

"Kuna vyumba vingine, vya kazi za watu."

Yohane akaitikia kwa kichwa. Hiyo ilikuwa afadhali.

"Kule nilikotoka kila chumba kilikuwa na mlango wake wa barabarani," Emiliana akaendelea. "Hapa wenye seva wametoa lango moja kwa boma zima. Nikapanga njia ya kuingia: anayepiga simu anapokewa langoni, anapelekwa kwa mama, anajibiwa. Nikajaribu, ikajibu, nikajua kazi imekwisha. Njia ya kutoka sikuiangalia."

"Atoke aende wapi?"

"Akaulize habari ya mvua, kila alfajiri. Anatoka, lakini anajitaja kwa jina la chumbani, na huko nje hakuna anayelijua. Jibu halina pa kurudi. Akikosa habari mpya anarudia ya zamani." Akafuta macho. "Anayekuja anajibiwa, baba. Mwenyewe kwenda kuuliza hawezi."

Yohane akaitazama mikono yake.

"Utafanyaje?"

"Naiambia seva, kila anayetoka chumbani atoke kwa jina la boma. Lango likumbuke limemtuma nani, jibu likirudi limpelekee."

"Kama tulivyokutuma kuomba moto kwa kina Meshack. Ulisema natoka kwa Yohane."

"Nilisema natoka kwa Sidonia," Emiliana akajibu. "Kwa jina lako wangenipa jivu."

Akaandika mistari michache, akajaribu. Bado. Akasonya, akarudia kusoma mistari yake. Lango lenyewe lilikuwa bado linakataza watu wa ndani kupita. Akalifungua. Yohane akangoja, kofia magotini.

"Piga sasa."

Mbukwenyi. Leo mvua ipo. Kubwa.

"Mbukwa," akaitikia Yohane, kwa sauti, binti yake akiwa anasikia.

Emiliana hakufunga kompyuta. Alitafuta katika zile sauti za siku ya kurekodi, akaikuta moja ambayo hakuwahi kuitumia. Sidonia alikuwa amechoka kutaja, anacheka: Mimi sijui bwana, tazameni mawingu wenyewe.

"Siku akikosa habari tena, atasema hivi," akasema Emiliana. "Hatarudia ya jana."

Wakaisikiliza wote wawili. Halafu Emiliana akaenda kubandika chai, na akakawia huko jikoni.

Haneti palikuwa pamekauka kidogo Yohane aliporudi. Alipita nyumbani akachukua jembe, hakukaa. Kwa Meshack alisimama uani, wa kumsemea hakuwapo tena.

"Hodi."

"Nani?" Meshack aliuliza kutoka ndani.

"Natoka kwa Sidonia," akasema Yohane. "Amenituma nije tukande udongo wa paa."

Meshack akatokeza kichwa mlangoni. Alimtazama, akalitazama jembe.

"Awaombe radhi mbuzi kwanza," akasema, akaenda kuteka maji.