Nilienda kung'oa meno, nimerudi nayo yote

Jamani, meno yangu bado ninayo! Leo nilienda kuyang'oa.

Miezi mitatu fizi zinavuja damu. Nikipiga mswaki, damu. Nikila muhindi, damu. Nikasema basi, wang'oe tu yaishe.

Daktari, binti tu, kanichungulia mdomoni.
"Baba, meno mazima haya. Kwani unakula nini?"

Nikamwambia ukweli. Tangu mke wangu afariki ni ugali na dagaa, asubuhi chai na maandazi. Kupika mboga siwezi.

"Na matunda?"
"Sili."
"Umepungukiwa vitamini C. Kula machungwa, baba. Unafanya kazi gani?"

Hapo nikajibu kwa sauti ya chini. Aibu.

"Nabeba machungwa. Sokoni Tandale."

Alicheka mpaka nesi akaja kuangalia!

Mwaka wa sita huu nabeba magunia ya machungwa, sijala hata moja. Sie wabeba mizigo, mzigo wa mtu hatugusi. Ukidokoa, hupewi tena kazi.

Nimerudi sokoni nikamsimulia mama mwenye mzigo. Kanirushia matano.
"Kula hapahapa nikuone!"

Nimemaliza yote nimesimama. Fizi zinawaka moto, mie nacheka tu.

Wabeba mizigo wenzangu, semeni ukweli: nani mwingine anatema damu kimyakimya?