Nilimwangusha Kapteni kwa Kumsifia Kisigino

Nilimwangusha mwanaume wa kilo mia bila kumgusa hata ukosi wa shati.

Sikumtukana. Sikumroga. Nilimsifia tu, tena huku natabasamu.

Na kama kuna mtu hapa anasubiri niseme najuta, atasubiri sana.

Naitwa Rhona Mutch. Kwetu ni Portgarvie, mji mdogo pwani ya Uskoti, ambako mtoto anajua kushika fimbo ya gofu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama yangu ana duka la mikate pale chini ya kanisa. Mimi nakanda unga alfajiri, mchana nacheza gofu. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu na nilikuwa nayapenda.

Mpaka siku ya mchujo.

Timu ya wanawake ya mkoa ilibakiza nafasi moja. Tuliokuwa tunaigombea ni mimi na Ailsa Farquhar, binti wa Kapteni wa klabu yetu, Struan Farquhar. Na aliyekuwa anachagua ni nani? Huyohuyo Struan. Nikajisemea, basi bwana, nitapiga vizuri mpaka akose la kusema.

Nikasimama mahali pa kuanzia. Watu wamejaa. Nikainua fimbo nyuma.

Ardhi ikageuka.

Sina namna nyingine ya kuieleza. Bahari ilienda juu, mbingu ikaja chini, na mimi nikajikuta nimekaa kitako kwenye majani, fimbo bado mkononi.

Struan akaja mbio, nikadhani ananisaidia. Akainama, akanusa karibu na mdomo wangu kwa makusudi, kila mtu aone. Halafu akanyanyuka.

"Mh! Jamani, nani kampa huyu binti wiski na jua halijapanda?"

Nyie! Walicheka mpaka wengine wakashikilia magoti. Nikajaribu kusimama nijitetee, nikayumba, nikaanguka tena. Nani angeniamini?

Jioni hiyo nafasi akapewa Ailsa.

Daktari alinipima akaniambia ni virusi, vimeingia kwenye sikio la ndani, huko ndiko mwili unakojulia wima ni wapi. Nikamfuata Struan klabuni, nimeshika ukuta.

"Kapteni, daktari kasema ni sikio. Naomba uwaambie watu."

"Mdogo wangu," akanijibu bila kuacha kukoroga chai yake, "mimi nilisema nilichonusa."

Ndivyo jina likanishika. Rhona Wiski. Wateja wanaingia dukani, "Hii mikate ya leo haina wiski kweli?" Mama anacheka nao pale kaunta, halafu anaenda nyuma kwenye tanuri anafuta macho kwa aproni. Aliacha hata kwaya ya kanisani, akidai kifua kinamsumbua. Kifua gani! Ilikuwa aibu. Mimi ningevumilia langu, lakini la mama lilinichoma.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu Mina, dada wa marehemu baba. Mama mmoja mkali, mdomo hauna breki, na gofu alianza kucheza akiwa msichana. Alinikuta nimelala mchana, mapazia yamefungwa.

"Wewe unataka kulia au unataka kumla nyama huyo Kapteni?"

"Kumla nyama, shangazi."

"Basi vua viatu twende."

Alinipeleka ufukweni maji yamepwa. Akanisimamisha peku kwenye mchanga mbichi, fimbo mkononi, mpira hakuna. "Piga. Kisha toka hapo uangalie nyayo zako." Nikaangalia. Vidole vimezama kama nimechimba viazi, visigino havionekani.

"Unaona? Unajitupa mbele. Sikio lako linakudanganya, lakini mchanga haujui kudanganya. Rudia."

Tukarudia. Miguu imebanwa pamoja, nipige nisianguke. Macho yamefumbwa, nipige nisianguke. Nilianguka sana, wallah siwafichi, na baridi ya kule haina huruma kwa mtu aliyelowa makalio. Shangazi hanyanyui mtu. Anasubiri tu.

Lakini zoezi lake kubwa lilikuwa la chai. Nikimaliza kupiga nabaki nimeganda vilevile, kifua kimetazama ulipokwenda mpira, uzito wote mguu wa kushoto. Hapo ananikabidhi kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni. Ikimwagika, pigo lile halihesabiwi.

"Mizani inakaguliwa mwisho, Rhona," alikuwa ananiambia. "Mpira ukishaondoka ndiyo unajiuliza, nimesimamaje? Ukijikagua katikati ya pigo, umekwisha. Hata bingwa, mtie wasiwasi na mguu wake tu, ataanguka kama wewe."

Aliposema hivyo nilikuwa nimeshika kikombe. Nikamwangalia. Na yeye akaniangalia.

"Shangazi..."

"Mimi sijasema kitu," akasema. "Kunywa chai."

Baridi ikapita, ikaja nyingine. Sikio likapona taratibu. Nyayo zangu zikaanza kutoka sawasawa, kisigino na vidole. Ndipo nikajiandikisha Kombe la Kiangazi.

Klabu yetu kombe hilo wanacheza wote, wake kwa waume, shimo kwa shimo, mwenye mashimo mengi ndiye mshindi, na mnyonge anapewa mapigo ya nyongeza ili ngoma iwe sawa. Ila kombe lenyewe mimi sikulitaka. Mimi nilitaka karamu yake.

Kuna desturi pale tangu enzi za mababu. Usiku wa karamu, aliyeshindwa fainali anasimama mbele ya klabu nzima na kikombe cha fedha chenye vishikio viwili. Anamjazia mshindi wiski mpaka ukingoni, na kabla ya kumkabidhi anatamka jambo moja la kweli kuhusu mshindi ambalo watu hawalijui. Ukumbi usiporidhika, wanagonga meza. Hata akigonga mmoja tu, lazima useme jingine. Hakuna aliyewahi kukaa chini meza ikigongwa.

Mnanielewa sasa? Nilitaka mdomo ule ulioninusa usimame mbele ya watu walewale waliocheka. Basi. Sikuwa na shida na kitu kingine duniani.

Nikawatoa mmoja mmoja mpaka fainali. Struan naye, kwa upande wake, akafika. Alikuwa mchezaji kweli, tusidanganyane. Alikuwa anasimama kama nguzo ya daraja. Siku hiyo upepo wa baharini ulikuwa unavua watu kofia, yeye hata hatikisiki. Mfuko wake ameubeba Ailsa, wangu ameubeba Shangazi Mina.

"Umenywa chai leo au kile kingine?" Struan akanitupia tulipoanza.

Nikachomeka mpira wangu ardhini.

Tulifika shimo la kumi na nne ananiongoza kwa mashimo matatu. Yamebaki matano. Akawa anapiga mbinja kabisa.

Nikaona muda ndiyo huu.

"Kapteni," nikamwita kwa upole, "naomba nikuulize, maana nakuangalia tangu asubuhi. Hicho kisigino chako cha kushoto kinavyotua mapema vile, nani alikufundisha? Ni kitu kizuri, sijawahi kuona."

"Kisigino gani?"

"Cha kushoto. Kinatua kabla hujashusha fimbo. Wachache sana wanaweza."

Akacheka. "Sisi wengine tumezaliwa nayo, binti."

Akausimamia mpira. Halafu, kabla hajainua fimbo, akatupa jicho chini kwenye mguu wake.

Mara moja tu. Shangazi Mina akakohoa.

Mpira ulitoka pembeni, ukaenda kulala kwenye vichaka vya miiba. Shimo langu.

La kumi na tano, akaangalia mguu tena. Akasogeza. Akaangalia tena. Mpira ukaenda kushoto. Shimo langu. Sasa jasho likaanza, na upepo wote ule. Akamgeukia binti yake.

"Ailsa, hebu kitazame kisigino changu."

Ailsa, msichana mpole, hazungumzi sana. Akainamisha kichwa, akatazama wakati baba yake anajaribu.

"Kweli baba, kinanyanyuka," akasema. "Halafu unaegemea vidoleni."

Mama yangu! Nilitamani nimkumbatie. Mtoto wa watu kwa uaminifu wake amepigilia msumari bila kujua. La kumi na sita Struan akaufukia mpira kwenye mtego wa mchanga, akachapa mara tatu hautoki. Tukawa sawa. La kumi na saba hakuna aliyeshinda.

La mwisho liko mbele ya madirisha ya klabu. Ndani wamejipanga, nyuso zimebanwa kwenye vioo.

Nikatangulia. Nikapiga, nikabaki nimesimama pale, kifua mbele, uzito kushoto, mpaka mpira ukakoma kubiringika. Shangazi akapaza sauti, "Mleteeni chai huyo!"

Struan akaja. Alikuwa amechukia, na mtu mwenye hasira hana miguu. Alitazama kisigino. Akainua fimbo. Katikati ya pigo, naapa niliona macho yake yanateremka kwenda kukikagua tena.

Akajitupa mbele mwili mzima. Mpira uliruka hatua chache. Yeye akaenda chini, magoti, mikono, tumbo, fimbo kule.

Dirisha moja lilikuwa wazi. Sauti ikatoka, sijui ya nani, "Kapteni kanywa nini leo?"

Wakacheka. Walewale. Shimo langu, kombe langu.

Sitaki kuwadanganya: nilisikia utamu mpaka kwenye meno.

Usiku, ukumbi umejaa. Mama yangu yuko mlangoni na sinia la mikate, amekuja kama muuzaji, hakutaka kukaa. Struan akasimama, akajaza kikombe mpaka ukingoni.

"Jambo la kweli kuhusu Rhona," akasema, "ni kwamba ana mizani nzuri."

Meza zikagongwa, watu wanacheka. Hilo wote tumeliona!

"Haya, haya. Jambo la kweli. Rhona alijifunzia ufukweni, peku, wakati wa baridi. Mimi nilikuwa nampita na mbwa wangu."

Ukumbi ukaridhika. Wengine wakaanza kupiga makofi. Ina maana ndiyo basi? Nikainua mkono wangu nigonge mwenyewe.

Kabla haujashuka, nikasikia ngo, ngo, ngo.

Meza ya mbele. Ailsa.

"Ailsa, acha utoto," Struan akasema.

Ngo, ngo, ngo. "Hilo silo, baba. Sema lile uliloniambia ndani ya gari siku ya mchujo."

"Kaa chini."

"Nimekaa chini miaka miwili. Sema wewe, au niseme mimi."

Struan akatafuta uso wa kumsaidia, hakuupata. Sauti aliyoitoa ilikuwa ya mtu mwingine.

"Hakuwa amelewa. Hakunuka kitu chochote. Niliona macho yake yanacheza. Mama yangu mzazi aliugua vilevile, nayajua macho yale."

"Ulijua?" Shangazi Mina akauliza.

"Nilijua." Akamtazama binti yake. "Nafasi ilikuwa moja."

Kule mlangoni mama akaweka sinia chini. Akafuta mikono, akavua aproni, akapita katikati ya watu wote wale na kukaa kiti cha mbele kabisa. Mgongo umenyooka. Hapo ndipo machozi yalinitoka.

Nikakipokea kikombe. Kilikuwa kimejaa mpaka kinatisha. Nikakiinua hadi chini ya pua ya Struan, halikudondoka hata tone.

"Nusa, Kapteni. Hii ndiyo harufu yake. Usije ukaisahau tena."

Kisha nikamkabidhi. "Kunywa wewe. Mimi tangu siku ile sijaonja."

Akashika kwa mikono miwili. Akakipeleka mdomoni, wiski ikamwagika kidevuni, kwenye shati jeupe, kwenye tai ya klabu. Akatoka nje ananuka vile, mji mzima unamwangalia.

Ailsa nilimkuta kwenye ngazi.

"Nimejitoa kwenye timu," akaniambia. "Nafasi ilikuwa yako. Samahani nilichelewa."

"Wala usijali. Leo umenisaidia mara mbili, moja bila kujua. Ulipomwambia kisigino kinanyanyuka, ndiyo alikwisha."

Akanitazama, akatabasamu kidogo.

"Dada Rhona, kisigino cha baba hakijawahi kunyanyuka. Nilisikia ulichomuuliza. Nikaona nikusaidie."

Jamani! Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu mteja wa kwanza akaingia dukani anacheka, "Mmemwona Struan Wiski?" Mama akamfungia mikate yake taratibu, akamwambia, "Hapa tunauza mikate tu, baba." Ila Jumapili iliyofuata alirudi kwaya, na aliimba kuliko wote.

Struan anacheza bado. Anapanda uwanjani asubuhi sana, peke yake. Ukipita utamwona kausimamia mpira, anaangalia mguu, anasogeza, anaangalia tena.

Juzi alinifuata, kofia mkononi, akaniomba nimwangalie kisigino, nimwambie kina tatizo gani.

"Mdogo wangu Kapteni," nikamjibu, "mimi nasema ninachonusa tu."

Nikamwacha hapohapo. Nyie mnaosoma, ukimsukuma mwenzako aanguke, mshukuru Mungu akibaki chini. Akijifunza kusimama upya atakuwa anaijua miguu yako kuliko wewe mwenyewe.