Kila nikijaza tangi gari lilikataa kutulia, nikamfokea mtu asiye na kosa

Wakuu, niaje. Hii si ya kusimuliwa, ni yangu mwenyewe. Mkiona mahali nimejipendelea, nikamateni kwa comments.

Naishi Satellite, hapa Nairobi. Kazi yangu ni kurekebisha photocopier na printa kwenye maofisi ya town. Yaani mimi ni mtu wa mashine, na hapo ndipo kiburi changu kinapokaa.

Nina gari dogo la petroli, la zamani. Siku za kawaida natia mafuta kidogo kidogo. Lakini nikienda ushago, nyumbani kwetu Kakamega, lazima nijaze.

Na nikisema kujaza, najaza. Pampu ikijikata, naweka mguu kwenye bampa, natikisa gari hewa itoke, kisha naongezewa. Tikisa, ongeza, tikisa, ongeza. Marehemu baba alifanya hivyo na pickup yake, nami nikajua hiyo ndiyo akili.

Alhamisi moja, nikijiandaa kwenda Kakamega, nikapita petrol station fulani upande wa Dagoretti. Mhudumu ni dada anaitwa Mueni, mtu wa Kitui, mcheshi sana, na ananijua.

"Imejaa, customer," akasema.

"Ongeza, bado iko space," nikamwambia huku natikisa.

Akaongeza mpaka petroli ikachungulia mdomoni mwa tangi.

Kuwasha gari, likagoma. Likashika mara ya nne, likatetemeka lote, na harufu ya petroli ikajaa ndani. Nilipofika Kabiria likazima juu ya tuta, na nyuma yangu hon zikaanza.

Sasa, mwezi uliotangulia kitu hicho hicho kilinipata, na nilikuwa nimejaza kwa huyo huyo Mueni. Nikakata kesi papo hapo: petroli imetiwa maji.

Nikarudi pale gari likikohoa. Wakuu, nilifoka. "Huyu anatuuzia maji! Na ni mara ya pili!" Foleni nzima ilisikia, wenye magari na watu wa boda.

"Lakini boss, wengine wote wameweka hii hii..." Mueni akajaribu. Sikumpa nafasi.

Manager akatoka ofisini, akaifunga ile pampu, akamwambia Mueni avue jaketi ya kazi, aende nyumbani mpaka aitwe. Nikaondoka najiona mtetezi wa wanyonge.

Safari nikaiahirisha. Jumamosi nikapeleka gari kwa Fundi Were, ambaye ana gereji yake pale Kabiria. Nikampa na jibu kabisa: "Toa mafuta yote, osha tangi, kuna maji."

Were hana haraka. Alichota petroli kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, akaiweka juu ya jiwe, akanywa chai yake yote. Kama kuna maji, yangetulia chini ya chupa. Hakukuwa na hata tone.

"Ukiweka kidogo inasumbua?" akaniuliza.

"Hapana. Ni nikijaza tu."

"Na kwani wewe hujazanga aje?"

Nikamwonyesha. Mguu kwenye bampa, tikisa, tikisa. Nilionyesha kwa fahari, jamani.

Were alicheka mpaka akashika ukuta.

Akaingia chini ya gari, akachomoa mpira mmoja mwembamba wa bomba. Petroli ikamtiririkia mkononi. Akanieleza kwamba kuna kopo lenye mkaa ndani, ambalo kazi yake ni kunasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi, kisha injini inauvuta polepole na kuuchoma. Limetengenezwa kwa mvuke tu. Mimi na kutikisa kwangu nilikuwa nalimwagia petroli yenyewe, kwa hiyo kila nikijaza, injini inanyweshwa kupita kiasi.

Akaziba ule mpira upande wa injini ili kopo lisiinyweshe tena, akapiga starter. Gari likatulia tuli.

"Petroli haina makosa. Ni wewe, mtu wa mashine."

Nikashuka town, kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, nikapata kopo la mtumba pamoja na valve yake. Were akafunga, na ugonjwa ukaisha siku hiyo hiyo.

Lakini furaha haikukaa. Usiku ule sikulala vizuri, maana kuna mtu alikuwa nyumbani kwa ajili ya mdomo wangu.

Jumatatu asubuhi nikamwendea manager. Barua ya kumfuta Mueni kazi ilikuwa mezani, imebaki saini tu. Nikamweleza yote, nikaandika kwa mkono wangu kwamba kosa ni langu. Manager akaisoma, akaichana ile barua yake, akampigia Mueni simu.

Alipofika nikamvuta kando, karibu na mashine ya kujaza upepo kwenye magurudumu. "Mueni dadangu, nisamehe, nilikosea," nikasema polepole.

Akaniangalia. "Customer, siku ile ulikuwa unapiga nduru. Habari imefika mpaka Kitui, mamangu amenipigia, ananiuliza kama ni ukweli nauza maji. Leo mbona unanong'ona?"

Nikatembea hadi katikati ya pampu, foleni ikiwa ndefu vilevile.

"Jameni! Huyu dada hauzi maji! Petroli yake ni safi! Mjinga ni mimi!"

"Rudia, huku nyuma hatujaskia!" mtu wa boda akapaza sauti.

Nikamgeukia Mueni aniokoe. Alikuwa anafunga zipu ya jaketi, anajizuia kucheka.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Wakuu, pampu ikijikata mara ya kwanza, tangi limejaa, acha. Na ukishamchafulia mtu jina mbele ya watu, usiende kumsafisha kwenye kona.

Wenzangu mnaotikisa magari, najua mko humu. Jitokezeni hapa chini, na msinong'one.