Ndevu za Mwenyekiti

Jumamosi nilikuwa saluni moja huku Temeke, nasubiri zamu yangu. Kitini alikaa mwenyekiti wa timu ya mtaa, kidevu kimejaa povu, simu sikioni. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa jioni ile.

"Straika wetu mchukueni," akasema kwenye simu, "nyie tuleteeni wale madogo watatu."

Kinyozi ni shabiki lialia wa timu hiyohiyo. Wembe ukasimama shingoni.

"Mzee, umemtoa mfungaji wetu?"

"Msimu huu hatupandi daraja, hata wewe unajua. Wale madogo mwakani watakuwa moto."

"Mwakani?"

"Mwakani."

Kinyozi akaweka wembe mezani, akavuta taulo, akamfuta povu lote.

"Basi ndevu hizi nitakunyoa siku tukipanda."

Nilidhani mzee atafoka. Akajitazama kiooni, akazipapasa, akacheka. "Poa. Sie tutazifuga."

Mji huu kila kitu tunakitaka leo leo, hata chai tunaidai maji hayajachemka. Nikaitwa kitini.

"Nywele na ndevu, braza?"

"Nywele tu," nikamwambia.