Tone Moja Kila Tundu

Shangazi yangu alishona midomo ya magunia kwa miaka thelathini na moja. Gunia lilimfikia limejaa mahindi, akalibana kwa magoti, akakunja mdomo wake mara mbili, akapitisha ile cherehani ndogo ya kushika mkononi, trrr, akakata uzi. Lete jingine. Pale ghalani walimwita Bi Uzi, na vibarua wapya walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, alitia mashine mafuta. Alikuwa na kichupa chenye mdomo mrefu mwembamba na sheria moja tu: tone moja kila tundu. Hakuruka hata moja. "Tundu halikuwekwa hapo kwa urembo," alisema. Cherehani yake ilidumu kuliko mameneja watatu.

Mimi nilikuwa ghala hilohilo, upande wa ukaguzi. Chuo kilinifundisha kupima unyevu wa nafaka na kusema hapana kwa heshima. Mwaka ule upepo uliinua bati mbili pembeni mwa paa, njiwa wakaona mlango. Walikuja kumi, wakawa sitini. Wakadonoa magunia, wakayachafua. Meneja akataka sumu. Nilikataa, yale mahindi yalikuwa yanakwenda kuliwa na watu. Tulibishana asubuhi nzima, na kwa kutaka tu yaishe nikasema, "Basi nunua bunduki ya upepo. Mpe mtu mwenye mkono uliotulia."

Maneno hayo niliyasema mimi. Nayarudia hapa ili yasije yakasemwa kuwa ya mtu mwingine.

Mkono uliotulia ulikuwa wa shangazi. Alikuwa na miaka hamsini na minane na bado alitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

"Mimi?" alishtuka. "Mimi hata panya namwomba atoke kwa hiari yake."

"Ni hewa tu, Bi Uzi," Meneja alisema. "Ni pampu ya baiskeli, ila hii ina hasira."

Ikaja ndani ya boksi, imelala kwenye karatasi laini kama kitu cha harusi. Kitako cha mbao, mtutu mweusi mrefu, na kikopo cha risasi ndogo zenye kiuno kama nyigu. Chini kabisa kulikuwa na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nne, maandishi yake madogo kama mchwa. Shangazi alinifuata kwenye meza ya mizani.

"Nisomee, mwanangu. Wewe ndiye msomi."

Nikamsomea. Unaukunja mtutu kwa chini mpaka springi ishike. Huuachii mtutu wakati kidole kinaweka risasi. Huiachi springi imebanwa ukaenda kula. Humwelekezei mtu, hata ikiwa tupu. Kila sentensi aliirudia, huku akinitazama usoni kama mtoto anayekariri. Nilipofika sehemu ya utunzaji, lori likaanza kupiga honi mizanini.

"Mengine kesho," nilisema.

Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa aproni. Kesho hiyo ikawa wiki tatu.

Alikuwa makini, hilo lazima niliseme. Kabla hajampiga njiwa hata mmoja, aliegemeza bati la akiba ukutani, akahesabu hatua kumi, akapiga mara kumi. Akaenda kulipapasa bati kwa vidole. Lilikuwa limebonyea mahali kumi, kama unga uliobonyezwa kwa kidole gumba, lakini halikutoboka.

"Haitoboi," alisema, akashusha pumzi. "Basi naweza kulenga juu."

Jioni alipitisha kitambaa ndani ya mtutu kwa kamba, akafuta jasho la mikono yake kwenye chuma. Na kila asubuhi, akimaliza cherehani, kile kichupa kilihamia kwenye bunduki. Pale mtutu unapokunjikia, tone. Kwenye triga, tone. Na ukiukunja mtutu, kuna kitundu nyuma yake ambako hewa hutokea kusukuma risasi. Nacho ni tundu. Tone.

Wakati huo fundi bati alikuwa anaziba paa zima, bati kwa bati. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa isiyotoka kichwani, na kwa miaka minne alikuwa akimposa shangazi kwa sauti ya kusikika ghala zima.

"Mke wangu mtarajiwa," aliita kutoka juu, "umenipikia nini leo?"

"Endelea kutarajia hukohuko juu," shangazi alimjibu. "Ukishuka utaikuta ndoto sakafuni."

Vibarua walicheka. Shangazi hakucheka, ila aliangalia chini haraka, na mimi niliona.

Wiki ya pili sauti ya bunduki ilibadilika. Mwanzoni ilikuwa tap, kofi la mtoto. Sasa ikawa pa!, kama kandambili inayopigwa kwenye saruji. Baada ya kila mlio kulikuwa na harufu, na wakati mwingine ukungu wa moshi mdomoni mwa mtutu. Harufu niliijua. Ilikuwa ya lori linalowashwa asubuhi. Chuoni nilikaa muhula mzima nikisoma injini: mafuta na hewa vikibanwa pamoja kwa ghafla huwaka bila kiberiti. Elimu hiyo nilikuwa nayo, harufu hiyo nilikuwa nayo puani, na vyote viwili vilikaa ndani yangu kama wageni wawili kwenye benchi la hospitali, hakuna aliyemsalimia mwenzake.

"Bunduki imepaza sauti," nilisema tu.

"Imezoea mkono wangu. Mashine ikitunzwa huchangamka."

Siku ya mwisho zilibaki bati mbili na njiwa saba. Nilikuwa juu ya rundo la magunia na shangazi, nikichukua sampuli kwa bomba langu. Paa lilikuwa karibu, hatua tano au sita kutoka vichwani mwetu, bati kuukuu zilizoliwa na kutu. Nyundo ya fundi ililia upande wa mbali. Shangazi alisikiliza.

"Yuko kule," alisema. Akaukunja mtutu, akaweka risasi, akaufunga.

Njiwa alitembea juu ya boriti, akasimama, akatembea tena. Mtutu ulimfuata polepole. Nyundo ilinyamaza, kisha ikalia tena, karibu zaidi. Njiwa akasogea. Nikasikia hatua juu ya bati, krr, krr. Nilifungua mdomo.

"Shangazi, si bora..."

Pa!

Njiwa akaruka, mzima. Kando ya boriti, mahali palipokuwa giza, palikuwa na mwanga. Tundu dogo kama punje ya dengu, na kutoka humo jua lilishuka kama uzi ulionyooka, vumbi likicheza ndani yake, mpaka kwenye gunia lililokuwa miguuni petu.

Nyundo haikulia tena.

"Fundi!" shangazi aliita.

Kimya.

"Fundi! We fundi!"

Hata hatua hazikusikika. Shangazi aliukunja mtutu nusu, akailaza bunduki juu ya gunia mdomo ukitazama ukuta, kama nilivyomsomea. Vidole vyake vilifanya hayo vyenyewe. Uso wake haukuwepo hapo. Tukashuka kwenye magunia, tukakimbilia nje kwenye ngazi.

"Nipande mimi," nilisema. "Magoti yako..."

"Shika ngazi."

Nikashika. Nilihesabu vipago vilivyokuwa vinapita chini ya ndara zake. Saba. Nane. Kitu kizito, chenye uvuguvugu, kikanidondokea kwenye paji la uso. Kikateleza kuelekea jicho. Sikutaka kukifuta, maana nikikifuta ningelazimika kuutazama mkono wangu. Cha pili kikaangukia kidoleni, nikaona. Kilikuwa cheusi. Lami. Kopo lake la lami lilikuwa limepinduka.

Nani amelipindua, niliwaza. Ameanguka?

Kichwa cha shangazi kilivuka ukingo wa paa, akasimama hapo.

"Shangazi?"

Niliikandamiza ngazi ukutani kwa uzito wangu wote. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamume, kavu kama mtu aliyemeza vumbi.

"Bi Uzi. Kama hunitaki, ungesema tu."

"Nimesema," shangazi alijibu. "Miaka minne nasema."

"Basi leo nimesikia."

"Kwa nini hukuitika? Nimekuita, wewe mtu! Nimekuita!"

"Nilidhani nikiitika utajua nilipo."

Shangazi alicheka mara moja, kisha akaushika ukingo wa bati kwa mikono miwili na kulia palepale, katikati ya ngazi, mbele ya vibarua wote. Risasi ilikuwa imetokea shibiri moja kutoka kwenye goti la fundi na kupita kwenye ukingo wa kofia yake. Alinionyesha baadaye. Palikuwa na uwazi mdogo wa mviringo, juu kidogo ya sikio.

Mchana ule shangazi alikuja kwenye meza yangu. Akatoa karatasi kwenye aproni, imelainika kwa jasho, akaiweka mbele yangu.

"Nimalizie."

Nikasoma kuanzia pale nilipoachia. Mstari wa kwanza ulisema tone moja panapokunjikia mtutu, mara moja moja tu. Wa pili ulisema usitie mafuta kwenye tundu la hewa, kwa kuwa huwaka ndani na risasi hutoka kwa nguvu isiyotarajiwa.

"Mistari miwili," shangazi alisema.

"Ni kosa langu."

"Lori lilikuwa linapiga honi, mwanangu."

Angenigombeza ningelala usingizi. Kusamehewa kwa sababu ya honi ya lori ni kitu ambacho bado sijakizoea, na ni miaka kumi na miwili sasa.

Alikaa mpaka saa kumi akipitisha kitambaa ndani ya mtutu, kimoja baada ya kingine. Vya kwanza vilitoka vyeusi, vya mwisho vilitoka vyeupe, naye hakuacha. Kisha akamrudishia Meneja bunduki ikiwa kavu na ndani ya boksi lake. Njiwa saba waliobaki walinaswa kwa wavu. Kesho yake asubuhi alipanda tena ile ngazi, na fundi akaishika chini. Aliziba lile tundu kwa mkono wake mwenyewe, kwa lami, akalipaka mara tatu.

Watu huniuliza kama waliishia kuoana. Hawakuoana. Fundi aliendelea kumposa, ila kwa sauti ya chini, naye shangazi aliendelea kukataa, ila bila haraka.

Sasa amestaafu. Nikimpelekea kitu chochote kipya, hata tochi, hakigusi. Huchomoa karatasi ndani ya boksi, hunipa, hukaa kwenye kiti chake kirefu akikunja mikono.

"Mpaka mwisho," husema.

Nami humsomea mpaka mwisho, hata anwani ya kiwanda.