Kioo Kilichosuguliwa kwa Majivu

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Mtu aliyeacha shule darasa la sita, akaanza kwa kubeba majani ya chai mgongoni na leo ana malori matatu na nyumba ya ghorofa hapa Roret, huyo ameona yote, na amechoka kuyaona. Lakini asubuhi nikipita karibu na kiwanda, ile harufu ya majani yanayonyaushwa ikinipiga puani, tamu na chungu kidogo, huwa narudi kuwa mtoto wa baba yangu, fundi wa boila, msimu ule wa mvua alipoleta nyumbani kioo cha darubini.

Darubini yenyewe ilikuwa ya meneja mmoja mzungu wa shamba la chai. Jioni zisizo na mawingu, ambazo kwetu ni chache, baba ndiye aliyeitwa kuibeba na kuisimamisha kwenye nyasi. Miaka yote hiyo hakuambiwa hata mara moja, njoo nawe uangalie. Mzungu aliporudi kwao, bomba lilikuwa limeoza kwa unyevu, likatupwa kwenye vyuma chakavu. Baba akaokota vioo viwili: kikubwa kama sahani ya ugali, kilichobonyea kidogo katikati, na kidogo cha kutosha kiganjani. Wakati huo jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazima, na daktari wa Kericho alikuwa amemwambia la kulia linafuata. Mwanga mkali ulimchoma hadi machozi. Akasema kabla halijafunga atauona mwezi kwa karibu, basi, hataki kingine. Akakunja mabati yaliyobaki kwenye zizi, akapata bomba. Lenzi ya kuchungulia akaitoa kwenye darubini ya macho mawili iliyovunjika.

Wiki hiyo akina mama wa kanisa walikuwa waje kwetu kwa maombi. Mama yangu, mgeni akija, hata kifuniko cha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, lazima king'ae. Akakikuta kile kioo kikubwa mezani kimejaa madoa, akakibeba pamoja na sufuria, akakisugua kwa majivu na katani mpaka mkono ukamuuma. Sasa, vioo vyetu vya dukani fedha yake iko nyuma, uso unausugua upendavyo. Cha darubini fedha iko mbele, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Yote ilienda na maji machafu.

"Baba Chebet, kioo chako kilikuwa kimeoza," alimwambia baba kwa furaha alipotoka kazini. "Ona sasa! Kimetakata kama maji ya mtoni."

Baba alikishika, akakigeuza, akaketi. Aliyecheka ni Wekesa, jirani yetu aliyefanya naye kazi ya boila. "Ndugu yangu, sasa utaangalia mwezi kwa dirisha? Mwambie mama akushonee na pazia." Hapo ndipo mama alipoelewa alichofanya. Alijifunika uso kwa leso, na jioni hiyo hakula. Tangu siku hiyo hakukigusa tena kile kitu.

Kioo kikawa kifuniko cha ndoo ya maziwa. Kilikaa hapo mpaka asubuhi moja baba akimimina maziwa, akaona ndani ya kile kioo fremu ya mlango, hafifu sana, lakini kila ubao ukionekana. Akasimama na kikombe mkononi. Akakumbuka jinsi mzungu alivyokuwa akiulaani mwezi kwa kumuumiza macho, hata akawa anaziba nusu ya mdomo wa darubini kwa kadibodi ili kupunguza mwanga.

"Mwezi una mwanga wa kumwaga," akasema. "Kioo hiki kikinirudishia kidogo, kinanitosha."

Jioni moja mvua ilikatika kabla ya giza, nusu mwezi ukatokea juu ya mikaratusi. Wekesa akashika bomba, baba akainama.

"Kuna mashimo," akasema. "Wekesa, kuna milima, na kila mlima na kivuli chake!"

"Songa basi, usiumalize peke yako!"

Tuliangalia sote. Ulikuwa mwanga mpole, kama wa taa iliyofunikwa kitambaa, na jicho la baba halikutoa chozi. Mama peke yake alikataa kutoka jikoni, akisema moto utazima. Kabla ya mahindi kukomaa, lile jicho likafunga.

Baba alishazikwa. Mama ni mzee, anaishi kwangu. Kwenye lango langu nimeweka taa ambazo hakuna mwingine Roret anazo, na nyota hatuzioni. Watoto wangu wana mwezi ndani ya simu, hawainui kichwa. Majuzi mama akauliza ghafla, "Kile kioo kiko wapi?" Mimi sifanyi kitu nusu. Nilimpata mtu wa Nairobi akakituma ng'ambo kikapakwe fedha upya, kikarudi kinawaka. Nikakitia kwenye bomba la baba, nikalielekeza kwenye mwezi, nikazima taa za lango, nikamketisha mama kwenye kiti. Akaweka jicho, akarudi nyuma mara moja, akapangusa machozi.

"Hii inachoma," akasema. "Baba yako aliniambia mwezi ulikuwa mpole. Huu si ule wake."

Akaitisha fimbo yake, akaingia ndani. Kukipaka fedha, kukituma na kukirudisha, kulinigharimu shilingi elfu arobaini na saba, mia tatu na hamsini.